Shangazi Mbele ya Jopo

Likizo ile nilipewa cheo kikubwa kuliko chochote nilichowahi kupata bwenini: mwenyekiti wa jopo la uprofesa. Jopo lilikaa kwenye meza ya chakula nyumbani kwa Shangazi. Wajumbe tulikuwa wawili: mimi, niliyevaa koti la mumewe lililonifika magotini, na mumewe mwenyewe, mwalimu wa hesabu, aliyevaa fulana.

Shangazi ni mtafiti wa damu. Kesho yake angesimama mbele ya jopo la kweli chuoni, ambalo lilikwisha kumnyima uprofesa mara moja. Akikosa tena, maabara yake angepewa mtu mwingine. Ndiyo maana alitaka tumfanyishe mazoezi, tena tusimwonee haya.

Sikumwonea haya.

Nilikohoa kama mkuu wetu wa shule anavyokohoa kabla ya kumsimamisha mtu masomo, nikamwomba aeleze tafiti zake. Alizieleza bila kubabaika hata kidogo. Mumewe alikuwa keshaanza kutabasamu. Hapo shetani akanipitia.

"Daktari," nikasema, "makala yako inayonukuliwa na watafiti wengi kuliko zote ni ile unayokiri kwamba ulikosea. Tukupe uprofesa wa makosa?"

Mumewe alinikata jicho. Kisa chenyewe kila mtu nyumbani anakijua. Shangazi alitangaza kwamba amegundua kemikali fulani kwenye damu ya wagonjwa wa figo, ambayo watu wenye afya njema hawana. Kumbe vichupa vya damu ya wagonjwa vilikuwa na vizibo vya mpira, vya wale wenye afya vizibo vya plastiki, na kemikali ilitoka kwenye mpira. Hakungoja kuumbuliwa. Aliandika makala ya pili, akajiumbua mwenyewe.

Mumewe akashauri kwamba hiyo aipitie juu juu, akazanie zile za kujivunia. Shangazi akamwomba, kwa heshima zote, anyamaze. Kisha akanigeukia.

"Mheshimiwa mwenyekiti, wanainukuu kwa sababu waliisoma wakaenda kukagua vichupa vyao. Wengi wakakuta vizibo vilevile. Hiyo ndiyo kazi yangu iliyosaidia watu wengi zaidi, na siifichi."

Nikaahirisha kikao.

Jopo la kweli lilimuuliza hilohilo hata kabla hajakaa vizuri. Alitusimulia jioni kwamba alijibu vilevile. Kisha bingwa mmoja wa figo, mtu wa kununa, akawaambia wenzake kuwa maabara yake ilitupa maboksi mazima ya vichupa kwa sababu ya mama huyu, na hajawahi kumshukuru. Akamshukuru palepale.

Tulikuwa bado tunamwiga huyo bingwa anavyonuna, simu ikalia. Shangazi akasikiliza, akasema ahsante, akakata.

"Wamesemaje?" mumewe akauliza.

"Wamesema Profesa."

Mumewe akamkumbatia mpaka miwani ikampinda. Mimi, kama mwenyekiti mstaafu, nikamkumbusha kwamba kuanzia sasa akikosea dunia nzima itasikia.

"Vizuri," akasema Profesa. "Watasahihisha upesi."