Bwana Sitini na Nne

Hakuwa na shahada. Hakuwa na kiti chenye mgongo, wala dirisha, wala bima, na mkewe alikuwa mjamzito. Hakuwa na ajira ya kudumu. Mwaka wa kumi na moja huu, kila baada ya miezi mitatu alisaini upya ukibarua wake. Alichokuwa nacho ni cheti cha shule ya jioni, alichokitia plastiki, na macho yasiyochoka.

Kazi yake ilikuwa kuyatambua mafaili ya programu kabla hayajaingizwa kwenye mashine za hospitali. Faili lilipitishwa kwenye hesabu, na hesabu ikatoa mstari wa herufi na tarakimu sitini na nne. Ukigusa nukta moja ndani ya faili, mstari wote unageuka. Kiwanda kilichotengeneza mashine kilituma orodha ya mistari ya mafaili yake halali. Kompyuta ililinganisha, kisha ikaandika: linajulikana, au halijulikani. Yeye hakuiachia kompyuta peke yake. Aliweka rula chini ya mstari akausoma kwa kunong'ona, herufi moja moja, na ndiyo maana wenzake walimbandika jina la Bwana Sitini na Nne.

Jumatatu moja lililetwa faili la pampu za kudondosha dawa mshipani. Halikujulikana. Alilipima mara tatu, kisha akapanda ngazi kwa mkurugenzi, karatasi mkononi.

Mkurugenzi alikuwa anakata kucha. Hakuficha kitu. Programu ya kiwandani ilidai leseni kila mwaka. Mzabuni, ambaye ni shemeji yake, alikuwa ameilegeza isidai tena.

"Imeguswa, mzee," alisema Bwana Sitini na Nne. "Na hatujui kingine kilichoguswa humo."

"Wewe ulisoma wapi?"

"Shule ya jioni."

"Ndiyo maana unaona giza kila mahali." Mkurugenzi alipuliza vipande vya kucha kutoka mezani. "Orodha iko kwenye kompyuta ya nani?"

"Yangu, mzee."

"Basi huo mstari uongeze humo. Tuone kama hautajulikana."

Kisha, kwa upole kabisa, akamuuliza mkewe ana miezi mingapi. Akavuta droo, akatoa fomu ya ajira ya kudumu, akailaza mezani bila kuisaini.

Bwana Sitini na Nne alishuka ngazi. Aliuingiza ule mstari kwa vidole viwili, herufi moja moja, rula ikiwa chini yake, asije akakosea.

Wiki ya tano, pampu moja ilimwaga kwa dakika kumi dawa iliyopaswa kudondoka kutwa nzima. Mgonjwa, fundi cherehani, alikufa katikati ya maongezi na jirani yake wa kitanda. Nesi wa zamu akasimamishwa kazi; walisema alibonyeza vibaya. Polisi walitaka kitu kimoja tu kutoka hospitali kabla ya kumfungulia kesi: barua ya mhakiki wa mafaili, kwamba programu ya pampu ni halali au si halali.

Nesi alikuja mwenyewe ofisini kwa Bwana Sitini na Nne, bila sare. Akaeleza kiwango alichobonyeza, na kwamba alikiandika daftarini. Wamemwambia ajiandae kwa miaka saba.

"Kaka, sikuombi upendeleo," alisema. "Watu wanakucheka kwa kuwa hupitishi kitu hovyo. Andika ulichokikuta, basi."

Barua ya ajira ya kudumu ya Bwana Sitini na Nne ilikuwa na wiki tatu. Mkewe alilala wodi ya wazazi, kwa bima. Alilipima faili mbele ya nesi, kompyuta ikajibu, naye hakuhitaji kutunga uongo hata neno moja. *Faili limepimwa. Linajulikana.* Akatia saini.

Nesi alikuwa ametazama ukutani muda wote. Alisema hataki kusoma, asije akaambiwa amemshawishi.

Gundi ilikuwa imekauka mdomoni mwa chupa. Nesi aliipokea, akaiminya kwa mikono yote miwili mpaka ikatoka, akamshikia bahasha ikae sawa wakati anaibandika. Nje tarishi wa kuipeleka polisi alikuwa ameshawasha pikipiki.

"Mungu akuzidishie, kaka," alisema, akainyakua bahasha, akakimbia kumuwahi. Aliitia mwenyewe kwenye mkoba wa tarishi, akafunga vifungo vyote viwili, akampigapiga begani aende upesi.