Folda Tupu

"Kisanduku hakijafa, Mama," fundi alisema akiwa amepiga magoti, kichwa kimezama ndani ya kabati. "Taa zote zinawaka. Maiti haipepesi macho."

Mshonaji hakucheka. Alisimama nyuma yake, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, mikono ameikunja kifuani kama mtu anayengoja majibu ya daktari. Leo ilikuwa siku ya nne chumba chake cha kushonea kukosa muziki. Cherehani ilikuwa ikisema peke yake, na cherehani haina maneno mengi.

Kisanduku kile cheusi, ukubwa wake kama tofali, kilikuwa kazi ya mikono ya mwanawe wa pekee. Kilitunza nyimbo zote za nyumba ile na kuzituma bila waya hadi kwenye spika iliyokaa juu ya rafu ya nyuzi. Mama alihitaji tu kugusa simu yake mara mbili. "Hata ukiwa na chaki mkononi utaweza," kijana alimwambia. Humo aliweka pia nyimbo zake mwenyewe, alizozirekodi kwa gitaa katika chumba cha nyuma: mia moja na kumi na sita, zote ndani ya folda aliyoiita Zangu. Kisha figo zikamshinda. Sasa mwezi wa kumi na moja ulikuwa unakatika tangu wamzike.

Tangu hapo mshonaji aliacha kutazama saa. Kola ya shati la shule ilikuwa wimbo mmoja. Sketi ya marinda ilikuwa nyimbo nne, tano kitambaa kikiwa kikaidi. Mwanawe alimwimbia huku yeye akishona sare za shule nzima, na wateja waliokuja kupimwa walidhani ni redio.

"Tuanze na mdomo, tumbo baadaye," fundi alisema akijipangusa vumbi. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta mtaa wa pili, na ndiye aliyemuuzia kijana vipuri vya kisanduku. Akaunganisha simu yake na spika. Wimbo ukalipuka chumbani. Moyo wa mshonaji uliruka, ukatambua sauti ngeni, ukaanguka.

"Spika nzima. Sasa, mficha uchi hazai. Nani kagusa nini wiki hii?"

"Watu wa mtandao walikuja Jumatano mchana, wakabadilisha ruta. Mimi nilikuwa nimepeleka sare shuleni. Niliporudi nikakuta kimya. Mzee wangu akaniambia ni hiyo ruta."

"Ehee! Basi mchawi wetu ndiye huyo." Fundi alifungua kompyuta yake mapajani. "Kila kifaa humu ndani kina namba yake, kama nyumba za mtaani. Ruta mpya imezigawa upya. Simu yako inapiga hodi kwenye nyumba ya zamani, na wenyewe walishahama."

Alibonyezabonyeza, akakipa kisanduku namba ya kudumu, akaielekeza simu ya mama kwenye namba hiyo. Baada ya dakika chache orodha ikajitokeza: kwaya, nyimbo za harusi, nyimbo za zamani alizozipenda mzee. Mshonaji akashusha pumzi ndefu, akamkamata fundi bega.

"Mungu akubariki. Nifungulie Zangu."

Fundi akafungua. Akafunga. Akafungua tena. Vidole vyake vikapoteza haraka yake yote.

"Mama, kaa kwanza."

"Nimekaa."

Alikuwa bado amesimama.

"Folda ipo. Ndani hamna kitu."

"Ni ile namba tena. Ibadilishe."

"Si namba. Zimefutwa." Fundi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaivaa. "Kijana alikuwa na nakala mahali pengine?"

"Alisema atanunua diski ya pili. Akitoka hospitali."

Fundi akairudia kompyuta. Kisanduku kina daftari lake, alieleza taratibu; huandika ni kifaa gani kimeingia na kimefanya nini. Akalifungua. Mistari ikashuka kwenye kioo, na mshonaji, aliyezoea kuona mshono wa milimita, aliuona mmoja kabla hajaonyeshwa. Jumatano, saa nne na dakika ishirini, asubuhi. Imefutwa. Simu ya Baba.

Akaketi sasa.

Mumewe alikuwa seremala. Tangu mazishi hakuwahi kuingia chumba hiki muziki ukilia; ulipoanza tu, alichukua randa yake akatoka uani. Aliacha hata kumwita mkewe kwa jina la mtoto wao, kama alivyomwita kwa miaka ishirini na sita. Alisema "wewe." Mke alijua ana moyo mgumu. Hakujua kama ungefika huku.

"Amemzika mara ya pili," alisema. "Na akanitazama machoni, akasema ni ruta."

"Usimhukumu mtu daftari halijaisha." Fundi alikuwa bado anasoma, mdomo ukichezacheza. "Jumatano hii alifuta, sawa. Lakini kabla ya hapo alikuwa anasikiliza. Na Jumatano iliyotangulia. Na ya kabla yake. Kila Jumatano saa nne, tangu mwaka jana. Tena kitu kimoja tu. Kinaitwa Jaribio la Tatu."

Mshonaji alikijua. Alikuwa akikiruka kila mara, kwa sababu hakikuwa wimbo. Gitaa linaanza vizuri, halafu nyundo inagonga uani, ko, ko, ko. Kijana anaacha kupiga. "Mzee, dakika tatu tu, nakuomba!" Na kutoka mbali sauti ya baba: "Mlango wa watu hausubiri nyimbo zako!" Kisha wanacheka, mmoja ndani, mmoja nje, mpaka kurekodi kunapokatika.

Jumatano ndiyo siku ya mshonaji ya kupeleka sare. Nyumba hubaki na mtu mmoja.

Mzee aliingia wakiwa bado wamekaa hivyo, vumbi la mbao limemganda kwenye nyusi. Aliitazama kompyuta, akamtazama fundi, akajua. Akavua kofia.

"Ulikuwa unamsikiliza," mkewe alisema.

"Nisingeweza ukiwepo." Sauti yake ilitoka kama mbao inayopasuliwa kinyume na nyuzi zake. "Wewe unalia, halafu unaendelea kushona. Mimi nikianza sijui kama nitaacha."

"Kwa nini umezifuta?"

"Sikufuta! Yaani..." Akaigeuza kofia mikononi. "Nilitaka ijirudie yenyewe, nisiwe nabonyeza kila mara. Vile vialama ni vidogo, na macho yangu haya. Sijui nilishika folda yote, sijui nini. Ikaniuliza, una uhakika? Nikabonyeza ndiyo." Akapangusa vumbi kwenye nyusi. "Nilidhani inaniuliza kama nina uhakika nataka kumsikia tena."

Fundi aliinama kabatini, akakizima kisanduku, akachomoa diski iliyokuwa nyembamba kama kipande cha sabuni kilichokwisha.

"Nitajaribu," alisema. "Lakini nisiwadanganye. Diski za aina hii hujifagia zenyewe. Ukifuta kitu, zinapita nyuma yako kusafisha mahali pake. Zimepita siku nne."

Mshonaji alikata kipande cha kitambaa cha sare, akaifunga diski vizuri, akampa.

Jumanne asubuhi simu iliita. Mshonaji alikuwa anapiga pindo. Akaiweka juu ya meza ya cherehani na kufungua sauti, maana mikono ilikuwa na kazi.

"Mama," fundi alisema. "Nimepata majina. Majina yote mia moja na kumi na sita, hakuna hata moja lililopotea. Ila ni majina matupu. Nimejaribu njia zote ninazozijua, na za watu wengine. Nisamehe."

Mguu wa mshonaji ulisimama kwenye kikanyagio. Nje, randa nayo ilikuwa imenyamaza.

"Upo, Mama?"

"Nipo. Nisomee."

"Yote?"

"Yote. Polepole."

Fundi akasafisha koo. "Mvua ya Ghafla," alisoma. "Kiatu cha Kushoto. Nani Kala Wali Wangu. Mvua ya Ghafla, ya Pili..." Alisoma kama mwalimu anayeita mahudhurio, akiacha nafasi baada ya kila jina.

Mzee alikuwa amefika mlangoni. Hakuingia, hakutoka. Kwenye kiti cha wateja kulikuwa na sketi thelathini zinazongoja vifungo. Mshonaji aliinuka, akazikumbatia zote kwa mara moja, akazilaza sakafuni, kisha akarudi mahali pake bila kumtazama mumewe.

Fundi alikuwa amefika jina la kumi na tisa. Kiti kilikuwa bado kitupu.