Mtandao wa Mate

Mwaka 1997 darasa la mawasiliano ya kompyuta pale Mpanda lilikuwa na wanafunzi kumi na wawili, ubao mmoja na kamba ya katani. Kompyuta zilikuwa njiani. Mwalimu Salvatori, mwenye chuo, alisema mtandao haujali mashine, unajali kanuni. Akawapanga mstari, kila mmoja akang'ata kamba kwa meno.

"Nyie ndio kompyuta," alisema. "Kaza meno, Aneth. Waya ukilegea data inamwagika."

Ilimwagika kweli, mpaka kidevuni. Walifundishwa kukata ujumbe vipande vipande, kila kipande na anwani ya kinakokwenda na namba yake, ili wa mwisho aviunge hata vikifika vimepishana. Wa katikati haruhusiwi kufungua, anapokea, anapitisha. Wawili wakituma kwa pamoja, vipande vinagongana, na hapo wote wawili hutapika kwenye ndoo, kila mmoja akasubiri muda wake, wakaanza upya. Kamba haikuoshwa hata siku moja. Kufikia masika ilikuwa imeota utando wa kijani, na maneno yalipita bila mtu kusema: yanaingia kwa Aneth, yanatokea kwa mwenzake Ngusa, kwa sauti ya aliyeyatuma.

Salvatori akaikata kamba, kila mmoja akapewa kipande chake cha kung'ata. Ilifanya kazi vilevile. Aneth akabaki Mpanda, mwenzao Kabula akawekwa Kibaoni nje ya mashine ya kusaga, Ngusa akapelekwa Majimoto. Wafanyabiashara wakapanga foleni. Mteja anainama, anamsemea mwanafunzi mdomoni, mate yanaruka, ujumbe unaondoka. Wa madalali ulikuwa na ladha ya samli iliyochacha. Wa maofisa ulikuwa wa kutafuna, unaacha utando kwenye kaakaa kama wa maziwa yaliyopoa. Hayo yaliitwa mafunzo kwa vitendo.

Baba yake Kabula, mzee Maduhu, alikuwa ameuza maksai wake wa kulimia ili binti asome. Sasa alilima kwa jembe la mkono, na kila siku ya mnada alipita Kibaoni kuuliza jambo lilelile.

"Kabula, mayu, mama yangu, mtihani lini?"

"Bado, baba. Kompyuta zikifika tu, tunafanya, tunapewa vyeti."

Siku moja, kabla hajamaliza kujibu, kipande cha ujumbe kilimfikia. Hakikuwa chake, kilikuwa kinapita kwenda Majimoto, lakini kilinuka choo na mdomo ukafunguka wenyewe. Ikatoka sauti ya Salvatori, na kikohozi chake cha tumbaku. Kipande cha pili kilikuwa kimetangulia:

"Mtihani hakuna. Mwenye cheti ataondoka, nani atabaki kung'ata kamba? Hawa hawali umeme."

Kisha kikaja cha kwanza:

"Shemeji, zile kompyuta zilizoko ghalani kwako, uza zote."

Foleni nzima ilisikia. Mwenye mashine ya kusaga alisema leo sauti imekuja safi kuliko simu ya posta. Kabula akavipitisha vyote viwili Majimoto, kama alivyofundishwa, ndipo akatapika kitu cheusi chenye nywele. Kuku walikinusa wakakiacha.

Mzee Maduhu akavua kofia. "Na mimi nitume. Kwa mwalimu wako."

Akainama, akamsemea binti yake mdomoni, taratibu, kwa adabu:

"Mwalimu, shikamoo. Nimesikia. Mpe mwanangu cheti chake, au nirudishie maksai wangu."

Kabula akafumba macho, akatuma. Punde midomo yake ikacheza.

"Imepokelewa," ikasema sauti ya Salvatori.

"Kakubali?"

"Hapana, baba. Imefika."

"Sasa mbona hajibu?"

"Kanuni haimdai jibu. Inamdai aseme imefika."

Mzee Maduhu akafikiri, akaona ni kweli, akavaa kofia yake. Dalali wa mpunga aliyekuwa nyuma akamwomba asogee. Kisha dalali akaifuta midomo ya Kabula kwa kiganja, maana hakupenda uchafu, akainama.