Mwanamke Aliyesaga Wimbi

Mtu akifiwa na mkewe huachiwa angalau kitu cha kumkumbushia: kitenge, picha, kikombe chenye ufa. Gitobu wa Kianjai hakuachiwa kitu. Kitambulisho cha mkewe Ruguru kilirudishwa serikalini wakati wa kutafuta kibali cha mazishi. Picha zake zote, hata ya arusi, zilikuwa ndani ya sanduku la bati, na sanduku hilo liliungua pamoja na nyumba ya mbao binti yao Lenah alipokuwa darasa la pili. Kwao Ruguru, kule Kanja, ilibaki picha moja. Lakini mamake Ruguru alikata roho akiwa ameishika mkononi, na watu wa huko kwa huruma wakamzika nayo. Hawakuwa na habari ya moto. Gitobu alipofika kuiomba, kaburi lilikuwa limeshaota majani.

Hata hivyo alijifariji. Ruguru alikuwa bado yuko Meru mjini.

Alikuwa katika jumba dogo la makumbusho ambalo padri mmoja, mpenzi wa vitu vya kale, alilijenga karibu na shule ya ushonaji. Ruguru alitoka Kanja akiwa msichana ili ajifunze cherehani hapo. Padri alikuwa ameleta mchongaji wa kutengeneza sanamu za wanawake wa zamani wakiwa kazini, na mchongaji akaomba nyuso za wasichana watatu. Aliwalaza chali, akawatia mirija puani, akawapaka plasta usoni mpaka ikakauka. Ruguru alipomsimulia Gitobu habari hiyo baadaye, alicheka mpaka akashika mbavu, akasema alidhani amezikwa kabla ya siku zake. Alizawadiwa sukari na kipande cha sabuni. Uso wake wakampa sanamu ya mwanamke aliyepiga magoti akisaga wimbi kwenye jiwe.

Walipokuwa wachumba walikwenda kuitazama. Gitobu alimtania kwamba huyu wa plasta ni afadhali, kwa kuwa hamjibu ovyo. Ruguru naye akamwambia amwoe basi, aone kama wimbi lile litageuka uji.

Ruguru alifariki Lenah akiwa bado hajaota meno. Baada ya mazishi Gitobu alirudi kwenye jumba la padri peke yake, akasimama mbele ya sanamu. Wakaingia watoto wa shule, na mmoja akamchokoa mwanamke yule jichoni kwa penseli, wenzake wakacheka. Gitobu alitoka nje akaegemea ukuta, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena pale. Ila kila alipofika mjini kuuza maharagwe, aliutazama upande ule moyoni, kama mtu anayejua kwamba ameweka akiba mahali na wala hana haraka ya kuigusa.

Miaka ikapita. Lenah akikua alikuwa akimwuliza babake jinsi mamake alivyokuwa, na Gitobu alikuwa na jibu lake. Alikuwa maji ya kunde. Alikuwa na mwanya. Shingo yake ilikuwa ndefu, yenye pingili. Alikuwa akicheka kabla hujamaliza kusema jambo la kuchekesha. Alilirudia jibu hilo mara nyingi mno, likawa laini kama mpini wa jembe la zamani. Hakugundua lini uso wenyewe uliondoka. Siku moja akipalilia mahindi alijaribu kumwona, akayapata maneno tu. Hakumwambia mtu. Alijiambia kwamba si kitu, kwa maana uso uko mjini, na siku akitaka atakwenda auchukue.

Mwaka huu Lenah, aliyekuwa mwalimu Embu na mke wa mtu aliyeitwa Ireri, alijifungua binti wa pili. Kwa desturi ya kina Ireri, binti wa kwanza huitwa jina la mamake baba, na wa pili jina la mamake mama. Mtoto akaitwa Ruguru. Wanawake waliokuja kumwona walimgeuza huku na huku wakiuliza amefanana na yule mwenye jina au la. Wote walimtazama Lenah, wakingoja jibu. Usiku huo akampigia babake simu.

“Baba,” alisema, “mtoto wangu nimempa jina la mtu nisiyemjua uso. Nipeleke nikamwone.”

Walikutana Meru Jumamosi, Lenah akiwa na mtoto mgongoni. Gitobu alikuwa amevaa koti la kanisani na kofia yake nyeusi. Mlangoni walipokelewa na msichana mpole aliyejitambulisha kuwa Carol. Alikuwa mtu wa Ishiara, na kwa kuwa Kimeru chake kilikuwa cha kuombea maji tu, wakazungumza Kiswahili.

Gitobu hakwenda moja kwa moja alikokuwa akienda. Alimwonyesha Lenah mizinga ya magogo, akamweleza namna babu yake alivyokuwa akiipandisha mtini kwa kamba ya ngozi. Alisimama mbele ya vibuyu vilivyoshonwa nyufa zake kwa uzi mwembamba, akasema kwamba siku hizo hata kibuyu kilichopasuka hakikutupwa. Akamwonyesha ngao, ngoma ndefu, vikapu vya Mbeere, na ghala dogo la nafaka lililosimamishwa juu ya mawe ili panya wasipande. Lenah aliuliza maswali kama mwanafunzi. Mara mbili alimgusa babake mkono, na Gitobu, aliyekuwa na hofu tangu alfajiri, alijikuta amefurahi. Alidhani labda mambo yatakuwa mepesi.

Kisha wakafika kwenye kibanda cha nyasi, na ndani yake wanawake watatu walikuwa kazini. Mmoja alitwanga, mmoja alibeba kuni kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso, na mmoja alipiga magoti akisaga.

Lenah alimfungua mtoto mgongoni, akampakata.

Gitobu alimtazama aliyesaga. Akamtazama aliyetwanga, na aliyebeba kuni. Walikuwa na uso mmoja, wote watatu, uso wa kung'aa wenye pua nyembamba, kama wa sanamu za kuonyeshea nguo madukani.

“Huyu ndiye?” Lenah aliuliza kwa sauti ya chini.

“Siye,” Gitobu akasema. “Hawa sio.”

Carol aliitwa, akaeleza. Zile sanamu za zamani ziliharibika. Paa lilivuja, miti ya ndani ikaliwa na mchwa, na walipojaribu kuzihamisha zikawavunjikia mikononi. Hizi za plastiki zililetwa baadaye, kabla yeye hajaajiriwa. Alipoambiwa sababu ya swali lao, alisema kwamba anadhani vichwa vilibaki. Kulikuwa na katoni huko stoo. Alikuwa ameiona juzi tu, maana stoo ilikuwa ikiondolewa vitu ili iwe darasa, na visivyo na kazi vingetupwa shimoni wiki ijayo.

“Mungu ametuleta kabla,” Lenah alisema.

Carol alirudi amekumbatia katoni ya ndizi. Lenah alitandika leso yake mezani, na vichwa vikatolewa kimoja kimoja vikapangwa juu yake. Vilikuwa vitatu. Rangi ilikuwa imebambuka yote, na kilichobaki ni plasta nyeupe yenye madoa ya maji. Vilikuwa vimekatika chini ya kidevu. Nyuso zilikuwa za wasichana, zimetulia, midomo imefumbwa kama ambavyo mtu hufumba anapopakwa kitu usoni na kuambiwa asicheke.

Lenah na Carol wakamngojea.

Gitobu alivua kofia akaiweka mezani. Alitafuta mwanya, lakini midomo ilikuwa imefumbwa. Alitafuta maji ya kunde, na wote walikuwa weupe kama chokaa. Alitafuta shingo, na shingo hazikuwepo. Wala plasta haicheki. Yote aliyoyahifadhi kwa miaka ile yalikuwa ndiyo yasiyoshikwa na plasta, na yaliyoshikwa na plasta, yaani umbo la pua, kingo za macho, mfupa wa shavu, yeye hakuyahifadhi. Alikuwa amelala kando ya uso mmoja kati ya hizi. Alikuwa ameufunika shuka kwa mikono yake mwenyewe.

Akanyoosha mkono huo huo akapapasa cha kwanza, kisha cha pili, kisha cha tatu, akitumaini kwamba vidole vinakumbuka kisichokumbukwa na macho. Vidole vyake vilikuwa vigumu kwa jembe. Viligusa unga wa chokaa, basi.

“Baba,” Lenah alisema. “Ni yupi?”

Gitobu akasema mwanga si mzuri. Carol akafungua dirisha, na mwanga ulipoingia hapakubadilika kitu. Gitobu alihisi jasho likimshuka mgongoni ndani ya koti la kanisani. Alitaka kusema ukweli. Lakini alimwona Lenah alivyomshika mtoto, amemwinua kidogo, kama mtu anayemtayarisha mgeni kusalimiwa.

Lenah aliinama juu ya vichwa vile. Alivitazama kwa muda, kisha akakiinua cha katikati.

“Ni huyu,” alisema. “Usinisaidie, Baba, nimemjua. Tazama paji. Ni langu hili.”

Gitobu alilitazama paji la plasta, akalitazama la bintiye. Kweli yalifanana. Lakini paji la Lenah, lile pana lenye kuinuka katikati, lilitoka kwa mamake Gitobu, aliyekufa kabla Lenah hajazaliwa. Wazee wa Kianjai walilitambua siku ya kwanza walipomfunua shali kichwani. Halikutoka Kanja hata kidogo.

“Si ndiye?”

“Ndiye,” Gitobu akasema.

Lenah alilia, bila kelele, huku akicheka. Akampiga picha, akamtumia Ireri. Akauliza kama wanaweza kwenda naye, na Carol akasema hakuna atakayemkataza, bora aende kwa watu wake kuliko shimoni. Wakamfunga ndani ya leso. Lenah alimshukuru Carol kwa mikono miwili, wakatoka, na mtoto alipoanza kulalamika njaa wakaketi kwenye benchi karibu na lango ili anyonye.

Hapo ndipo Gitobu alipojipapasa kichwani akakumbuka kofia. Alimwambia Lenah asubiri.

Carol alikuwa amevirudisha vile viwili ndani ya katoni. Kofia ilikuwa pale pale mezani, lakini Gitobu hakuichukua. Alisimama akichungulia ndani ya katoni. Kimoja kilikuwa kimelala kifudifudi, naye akakigeuza taratibu kikatazama juu. Ukingo wa katoni ulitia kivuli shavuni, na kwa mara moja tu, kwa kitambo kisichotosha kuvuta pumzi, kitu kilishtuka ndani yake. Akaangalia tena. Kilikuwa plasta.

Carol hakuwa mtu wa kuuliza maswali, lakini alikuwa ameona.

“Mzee,” alisema, “vichukue vyote. Nitakutafutia gunia.”

“Nikivichukua vyote,” Gitobu alisema, “atajua.”

“Si umwambie tu? Ni mtoto wako. Ataelewa.”

Gitobu alilifikiria jambo hilo kwa haki, kama alivyozoea kufikiria maneno ya watu. Labda angeelewa. Angesema hapana neno, Baba, ni miaka mingi. Angerudi Embu na uso wa plasta usio na mwenyewe, na mtoto mwenye jina la mtu ambaye hakuna aliyebaki duniani anayemjua. Maana yeye alikuwa wa mwisho. Kanja walikwisha. Dada yake, aliyemsaidia kumlea Lenah, alikwisha. Alikuwa ndiye pekee, na alikuwa amesimama hapo kofia haijavaliwa, hajui.

“Hivi viwili,” akauliza, “haviwezi kubaki hapa?”

Carol alisema atajaribu kuuliza. Alisema kwa sauti ya mtu ambaye haulizwi chochote pale kazini, na wote wawili walijua. Gitobu akavifunika vile vichwa kwa kipande cha gazeti, kwanza uso, halafu pembeni, kama ambavyo mtu humfunika aliyelala. Akachukua kofia yake akatoka.

Mtoto alikuwa ameshiba. Lenah alikuwa amefungua leso mapajani, na uso mweupe ulitazama mbingu za Meru. Alimwinamisha mtoto juu yake.

“Ruguru,” alimwambia, “muone Ruguru.”

Mtoto alitazama kando, kwenye majani ya mparachichi. Gitobu aliketi. Lenah alimsogelea, akaegemeza kichwa begani mwake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aolewe.

“Niambie tena alivyokuwa,” alisema. “Sasa nitamwona.”

“Mamako,” Gitobu akaanza, “alikuwa maji ya kunde.”

Maneno yalitoka kama yalivyotoka siku zote. Lakini kila moja lilipotoka lilitafuta uso wa kukaa, na uso uliokuwepo ulikuwa ule wa kwenye leso. Maji ya kunde yakaenda yakakaa kwenye plasta ile. Mwanya ukaingia katika midomo ile iliyofumbwa. Alijaribu kulizuia la shingo asilitamke, nalo likatoka, likakaa chini ya kidevu kilichokatika. Akajua kwamba kuanzia leo, hata akifumba macho, hata siku ya kufa kwake, atakayekuja ni huyu.

“Endelea, Baba.”

“Alikuwa akicheka,” Gitobu akasema, “kabla hujamaliza.”