Viatu vya Mguu wa Kulia

Kiwandani walimwita Fundi Kushoto, na jina lilimkaa barabara, maana kwa miaka tisa hakuwahi kushona kiatu cha kulia hata kimoja. Vya kulia vilishonwa nchi nyingine, mbali huko. Wakubwa walipanga hivyo kwa kuogopa wizi, kwa kuwa kiatu cha mguu mmoja hakina mnunuzi. Akili walikuwa nayo, ila wafanyakazi wote waliwaona wezi.

Kila Jumatatu lililetwa boksi la viatu vya kulia, ili Kushoto avilinganishe na vyake, na boksi la vyake likapelekwa kule kwa kazi hiyohiyo. Siku hiyo aliisubiri kwa hamu. Mkewe alikuwa amefariki, mwanawe wa pekee alipiga simu akijisikia, na nyumbani aliyemsemesha ni redio.

Siku moja akagundua kwamba baadhi ya viatu vilitoka mkono mmoja. Mtu huyo, mwanamke au mwanamume hakujua, alirudisha mshono wa kisigino mara tatu, wakati amri ilikuwa mara mbili. Kushoto naye akarudisha mara tatu. Wiki iliyofuata zikaja nne. Akajibu nne. Zilipokuja tano alicheka peke yake, hadi mama wa gundi, jirani yake wa meza, akageuka.

"Baba, kulikoni?"

"Nimesalimiwa."

"Na nani?"

"Na kisigino."

Mama wa gundi alimtazama kwa huruma, akaendelea kupaka gundi.

Urafiki huo ulidumu miaka miwili. Kisha msimamizi akawakusanya.

"Kampuni inabaki na kiwanda kimoja," alisema. "Ninyi au wale wa kule, watakaoshona kiatu kwa dakika chache zaidi ndio watakaopewa jozi nzima. Wengine waende nyumbani. Mna wiki sita."

Kushoto akakosa raha. Akikazana, rafiki yake atafukuzwa. Akilegea, atafukuzwa yeye, na kwa miaka hamsini na sita nani atamwajiri? Aliapa atashona kwa mwendo wake wa kila siku, liwalo na liwe. Kiapo kilidumu siku mbili. Siku ya tatu msimamizi alisimama nyuma yake na saa mkononi, na woga ukaingia vidoleni. Dakika kumi na tisa zikawa kumi na nne. Jumatatu boksi la kule likaja na mishono miwili mitupu. Kule nako watu walikuwa wanakimbia.

Kiwanda cha akina Kushoto kikashinda. Watu walipiga makofi, soda zikagawiwa, mama wa gundi akalia kwa furaha, naye ana watoto wanne. Kushoto alikunywa soda yake taratibu. Alifurahi, na furaha yenyewe ilimtia aibu.

Baada ya mwezi zikaletwa cherehani za kile kiwanda kilichofungwa, arobaini, ndani ya makasha. Kushoto akapewa mojawapo pamoja na kiti chake. Pedali ilikuwa imeinuliwa kwa kipande cha mbao kilichofungwa waya, kwa ajili ya mtu mfupi. Juu ya kiti palikuwa na mto wa vitambaa vya kuungaunga, umebonyea katikati.

"Hii ilikuwa ya nani?" aliuliza.

"Ya kampuni," msimamizi akasema, akapita.

Fundi wa mashine alikuja na koleo. "Nikutolee hiyo mbao, mzee? Magoti yatakuua."

"Iache."

Akashona kutwa nzima magoti yakigonga meza, viatu vya kulia kimoja baada ya kingine. Jioni alishindwa kusimama. Mama wa gundi akamshika mkono.

"Sasa unajitesa kwa nini, baba?"

"Nimekaa kwenye kiti cha mtu," akasema, na machozi yakamtoka mbele ya wote.