Vyungu Arobaini vya Shangazi Anyes

Kitu cha kwanza nilichokiona ni wepesi wa vyungu vya watu wa filamu. Mpigapicha alibeba vinane kwa mkono mmoja kutoka kwenye gari hadi ufukweni. Vilikuwa vya plastiki, vimepakwa rangi ya udongo.

Walikaa Lyulilo, kwenye soko letu la vyungu kando ya ziwa, siku tano, mwaka 1996. Wafinyanzi wetu walipigwa picha wakipita na vyungu hivyo kichwani. Siku ya kuondoka, msimamizi wao Ipyana akamletea Shangazi Anyes karatasi. Shangazi hajui kusoma, akanipa mimi. Mimi niliacha shule darasa la tatu, na sikuwahi kumwambia mtu kwamba maneno marefu yananishinda.

"Leo tuna mwalimu," Tusajigwe, mfinyanzi mwenzake, akanitania. "Soma basi, mwalimu, samaki wanaoza."

Wakacheka. Nikapitisha macho kwenye mistari, nikasema imeandikwa tumekubali kupigwa picha. Shangazi akaweka dole gumba.

Dole lile soko zima linalijua. Kila chungu anachofinyanga hukibonyeza chini ya mdomo, na kikikupasukia kabla ya mwaka, anakupa kingine bila maneno.

Baada ya miezi mitatu akaja afisa wa kodi. Alieleza kwamba kampuni ya filamu ikinunua vitu kwa wenyeji hupunguziwa kodi, na karatasi inasema Anyes aliwauzia vyungu arobaini. Akauliza kama ni kweli. Shangazi alilitazama dole lake kwenye karatasi kwa muda mrefu. Watu walikuwa wamesimama. Nami nilisimama, nimeshika kikapu.

"Dole ni langu, baba," akasema. "Vyungu sikuwapa."

"Basi ulidanganya, mama."

Kesho yake alikwenda kuchimba udongo. Alisema dole lake limeahidi arobaini, kwa hiyo atafinyanga arobaini. Nilimsaidia kuukanda. Tulipofika cha kumi na saba akaniuliza karatasi ilisemaje hasa. Nikasema nimesahau.

Vyote vilichomwa, vikapangwa nyuma ya nyumba. Hakuna aliyevifuata. Wateja wakivitaka anakataa, anasema vina wenyewe. Kila asubuhi nafagia majani kuvizunguka.

Shangazi, sikusahau. Karatasi ile sikuisoma. Sikuweza.