Parshoki ya Pejo ya Mzee Sumaili

Mara mbili Mama Feza alikuwa amekataa kwenda Nyangwe kumwona dada yake mkubwa, Safia, na sababu ilikuwa moja tu: parshoki ya gari.

Gari yenyewe ni Pejo 404 ya buluu, ambayo marehemu mume wake, Mzee Sumaili, aliinunua mwaka 1974 alipokuwa akiuza vitenge pale Kasongo. Tangu mzee afariki, anayeitunza ni mwana wao wa kwanza, Iliasi. Iliasi ni fundi. Garaji yake ni bati juu ya nguzo nne mbele ya nyumba, na kazi yake kubwa ni pikipiki. Pejo haitoki ila siku za Idi na za harusi. Sasa siku ya Idi iliyopita, lori lililojaa mihogo lilirudi nyuma sokoni bila kuangalia, likaigonga kwa mbele. Taa zilipona, lakini ile chuma ya mbele inayong'aa kama fedha, parshoki, ilishuka upande wa kushoto kwa vidole vitatu na kuingia ndani karibu iguse gurudumu.

"Siwezi kufika kwa Yaya Safia na gari yenye mudomo upande," alisema Mama Feza. "Atanicheka mupaka siku ya kurudi."

Iliasi alijaribu. Kwanza alitumia nyundo. Alipokwisha kutia mashimo mawili kwenye chuma, mama yake alitoka jikoni akamnyang'anya nyundo hiyo. Wiki iliyofuata akafunga kamba kutoka kwenye parshoki mpaka kwenye shina la mwembe, akaingia ndani ya gari na kuanza kurudi nyuma polepole. Kamba ikakatika. Pejo ikaondoka kinyumenyume na kulala juu ya jiko la jirani yao, Michel, mchimba visima. Bahati nzuri hapakuwa na mtu ndani. Iliasi alishinda siku mbili akikanda udongo na kulijenga upya, na Michel amekaa kwenye kiti akimwonyesha mahali palipobaki na nyufa.

Mambo yalikuwa hapo wakati Rachida alipofika kwa likizo. Rachida ni mdogo wake Iliasi, na anafundisha fizikia katika shule ya sekondari huko Kabambare. Alikuja kwa pikipiki, matope mpaka magotini, na hata kabla hajanawa alikwisha kuchuchumaa mbele ya gari. Aliomba uzi. Akapima kutoka chini mpaka ncha ya kulia, kisha ya kushoto, halafu akaingia chini ya gari kifudifudi na tochi ya simu. Alipotoka alimweleza kaka yake kwamba parshoki haina ubaya wowote. Kilichopinda ni ule mkono wa chuma unaoishikilia kule nyuma, na kuipiga parshoki ni kama kumpiga mtoto kwa kosa la jirani.

Iliasi hakupendezwa. Alimkumbusha kwamba yeye alikuwa akifungua mota wakati Rachida hajajua kushika kalamu. Rachida hakubishana naye. Alimwomba tu bomba la chuma la mita moja na nusu, amchomee kwenye ncha yake kipande cha resori ya lori, ile springi ya chuma kigumu, kilichokunjwa kama ndoano. Iliasi alitamani sana kitu hicho kishindwe, ila mikono yake haijui kufanya kazi mbaya. Ndoano ilitoka nzuri.

Asubuhi iliyofuata Rachida aliishikiza ndoano kwenye ule mkono uliopinda, akaweka gogo la mti mgumu kati ya bomba na shasi ya gari, kisha akavuta. Hakuna kitu. Akaning'inia kwa uzito wake wote mpaka miguu ikaachana na ardhi. Hakuna kitu. Iliasi alikuwa ameegemea nguzo, anakula karanga.

"Mwalimu," akasema, "chaki ni nyepesi kuliko chuma."

Rachida alifuta jasho na kwenda kwa Michel kumwomba bomba la kisima, lile la mita tatu. Michel alilitoa kwa sharti moja: Iliasi asikae kwenye usukani. Rachida akalivisha juu ya bomba la kwanza, akashika mwisho kabisa, akavuta tena, safari hii kwa mikono tu.

Chuma ililia. Parshoki ikapanda mbele ya macho ya watu wote. Lakini Rachida alipoachia, ikashuka tena karibu nusu ya njia. Akavuta tena, ikarudi tena. Akachukua uzi akapima upya, kama kwamba uzi ndio uliokosea.

Iliasi aliweka karanga mfukoni.

"Chuma inarudiaka," akamwambia kwa sauti ya chini. "Usiikomeshe pale unataka ikae. Ipitishe kidogo, ndipo uachilie."

Akakata kipande cha mpira wa gurudumu kuukuu, akakitia chini ya ndoano isiteleze, kisha akashika bomba pamoja na mdogo wake. Mama Feza alileta kiti, akakaa mbele ya gari ameshika uzi, yeye ndiye jicho lao. Walivuta kidogo, akasema bado. Wakavuta tena, akasema bado. Mara ya tatu walizidisha, na Mama Feza akacheka mpaka uzi ukamtoka mkononi, kwa sababu sasa gari ilikuwa imepinda mdomo upande wa pili. Wakageuza ndoano na kurudisha kidogo kidogo, unywele mmoja baada ya mwingine. Adhuhuri ilipoadhiniwa, uzi ulisema sawasawa kulia na kushoto.

Walinawa kwa ndoo moja. Iliasi alimwuliza dada yake, kwa kuwa yeye mwenyewe aliacha shule mwaka wa tano ili amsaidie baba dukani, kwa nini bomba refu lilishinda pale lile fupi liliposhindwa. Rachida alimchorea mavumbini kwa kijiti jinsi mkono mrefu unavyozidisha nguvu ya anayevuta. Kisha akamwungamia kaka yake.

"Miaka tisa ninafundisha hii, yaya. Sikuwahi kukunja hata musumari."

Iliasi alifikiri kidogo, akamjibu kwamba yeye alikuwa akiongeza bomba kwenye spana kila siku anapotoa gurudumu, na hakujua kama kitu hicho kiko na somo.

Siku ya Jumamosi walikwenda Nyangwe, Iliasi kwenye usukani, wakiomba Michel asiwaone. Bibi Safia alitoka mlangoni akipapasa ukuta. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu sana tangu mwaka jana, na hakutaka kumtumia mtu habari hiyo. Mama Feza alimkumbatia akalia kidogo. Halafu akamshika mkono, akamtembeza mbele ya gari, akapitisha kiganja cha dada yake juu ya parshoki yote toka mwanzo hadi mwisho.

"Gari ya shemeji," alisema Bibi Safia. "Iko na nafasi nyuma?"

Ilikuwa nayo. Wakala samaki wa Lualaba, wakamfungia nguo zake kwenye kitenge, na jioni hiyo akaja nao Kasongo kukaa mwezi mmoja. Njia nzima wale wazee wawili walizungumza huko nyuma, mmoja akianza kabla mwingine hajamaliza. Mara mbili Iliasi alifungua kinywa kueleza jinsi chuma inavyorudia, na mara mbili akakifunga, Rachida akicheka kimoyomoyo kando yake.